Mkebe wa Kunasa Oili: Unachofanya kwa Gari la Kikundi, na Usichoweza Kufanya



Siku hizi vikundi vingi vya Oyugis, Kabondo na Ringa havina tu kuku na mbuzi. Vingine vimejiwekea akiba pole pole mpaka vikanunua pikapu ya kubeba viazi vitamu, au gari ndogo ya kukodisha. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini gari likishanunuliwa, maneno mapya yanaingia kwenye mkutano. Moja la maneno hayo tumeulizwa mara kadhaa tukitembelea vikundi: "Kijana wa gereji anasema tufunge mkebe wa kunasa oili kama zile Subaru za mashindano. Je, ni kweli unasaidia, ama ni kutuondolea pesa tu?"

Swali hili ni zuri, na jibu lake si la ndiyo au hapana. Mkebe huu ni kifaa cha kweli, na kazi yake ni ya kweli. Lakini kuna gari linaouhitaji, na kuna gari lisilouhitaji. Na kuna gari ambalo likifungwa mkebe huo, ugonjwa wake unafichwa mpaka injini inakufa. Kwa hivyo tumeona tueleze jambo lote kutoka mwanzo, ili mkikaa na fundi mjue mnazungumza nini.

INJINI PIA HUPUMUA

Ndani ya injini kuna pistoni zinazopanda na kushuka kwenye silinda. Kila pistoni imevaa ringi za chuma ili moto na mgandamizo ubaki juu yake. Ringi hizo hata zikiwa mpya haziwezi kuziba kabisa. Kila mara mafuta yanapolipuka, hewa chafu kidogo inapenya kando ya ringi na kushuka chini, mahali oili inapokaa.

Hewa hiyo haiko peke yake. Imebeba moshi, mvuke wa maji, na mafuta ambayo hayakuungua. Huko chini inakutana na oili moto inayorushwa huku na huku, na inabeba matone madogo kama ukungu wa asubuhi. Sasa hewa hii lazima itoke. Isipotoka, shinikizo linapanda kama kwenye sufuria iliyofungwa kifuniko, na oili inatafuta njia yake kupitia sili na gasketi.

Ndiyo sababu kila injini ina tundu la kupumulia, lile mafundi wetu wanaita brida. Magari ya zamani yalitoa hewa hiyo moja kwa moja barabarani kwa paipu iliyoelekea chini. Kule California, Marekani, waligundua kuwa hewa hiyo inachafua anga ya miji, na mwaka 1961 wakaagiza irudishwe ndani ya injini iungue tena. Karibu kila gari tunaloendesha leo limetengenezwa hivyo: kuna paipu inayotoka kwenye brida na kurudi kwenye njia ya hewa inayoingia injini.

Mpango huo ni mzuri kwa mazingira. Shida yake ni moja. Ile hewa ikirudi, ule ukungu wa oili unarudi nao. Hapo ndipo mkebe unapoingia. Unawekwa katikati ya safari: hewa inatoka kwenye brida, inapita ndani ya mkebe, oili inanaswa na kubaki chini, halafu hewa iliyosafika kidogo inaendelea na njia yake.

KWA NINI MAGARI YA MASHINDANO HUVAA MKEBE

Wengi wetu tunaifahamu Safari Rally. Ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, na ilikuwa katika mashindano ya dunia hadi mwaka 2002. Ilirudi kwenye mashindano hayo mwaka 2021, makao yake yakiwa Naivasha. Subaru Impreza ilishinda Safari mwaka 1997 na mwaka 2000, na ndiyo maana hata leo vijana wetu wakiona Subaru yenye turbo wanasimama kuitazama.

Magari kama hayo yana sababu tatu za kuvaa mkebe.

Ya kwanza ni turbo. Turbo ni pampu inayosukuma hewa nyingi ndani ya silinda ili injini itoe nguvu zaidi. Shinikizo likiongezeka juu ya pistoni, hewa inayopenya kando ya ringi inaongezeka pia. Brida inapumua kwa nguvu na inabeba oili nyingi.

Ya pili ni kona na matuta. Gari likikata kona kwa kasi, oili inakimbilia upande mmoja. Silinda za Subaru zimelala ubavu, kushoto na kulia, kwa hivyo oili inasukumwa upesi hadi kwenye vichwa vya injini, na kutoka hapo inaingia kwenye brida.

Ya tatu ni usalama. Oili ikimwagika barabarani, dereva anayefuata atateleza. Kwa sababu hiyo kanuni za FIA, shirika la kimataifa la mbio za magari, zinataka gari la mashindano ambalo brida yake iko wazi liwe na chombo cha kunasa oili. Kisipungue lita 2 kwa injini isiyozidi sisi 2000, na lita 3 kwa injini kubwa zaidi. Kiwe na mahali pa kuona ndani ili msimamizi ajue kimejaa kiasi gani.

Zingatieni hilo la mwisho. Hata wenye magari ya mashindano hawaamini mkebe wasioweza kuona ndani yake. Tutalirudia mbele.

JE, GARI LA KIKUNDI LINAUHITAJI?

Hapa tunataka kikundi kifikiri vizuri kabla ya kutoa pesa.

Kama gari lenu ni la petroli, halina turbo, na injini yake ni nzima, kwa mfano Probox ya kawaida, basi mkebe si wa lazima. Safisheni au badilisheni ile valvu ndogo ya brida, badilisheni oili kwa wakati, na pesa ya mkebe iende kwenye tairi au bima.

Kama gari lenu ni pikapu ya dizeli yenye turbo, hapo mambo ni tofauti. Fikirini kazi inayofanya. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na Kisii iko karibu mita 1,700. Kutoka Ahero kupitia Sondu mpaka Oyugis na kuendelea Kisii, barabara inapanda. Pikapu iliyojaa magunia ikipanda hapo kwa gia ndogo, turbo inasukuma muda wote. Haina kasi ya Safari Rally, lakini injini yake imebeba mzigo mzito kama gari la mashindano.

Tena dizeli za kisasa zina mfumo unaorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ili kupunguza uchafuzi. Masizi ya moshi huo yakikutana na ukungu wa oili, yanakuwa kama lami. Yanaganda ndani ya manifoldi mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ya hewa inakuwa nyembamba kama koo lenye uvimbe. Gari linakosa nguvu, linatoa moshi mweusi na kula mafuta. Mkebe mzuri unapunguza upande mmoja wa mchanganyiko huo, yaani oili.

Injini za petroli zenye turbo nazo zinafaidika. Oili ikiingia kwenye silinda pamoja na petroli, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla ya wakati wake, na mlio kama wa kugonga unasikika. Injini ikigonga hivyo kwa muda mrefu, pistoni zinaharibika.

Lakini mkebe hauongezi nguvu za gari. Pia hautengenezi ringi zilizochakaa. Mtu akiwaambia mojawapo ya hayo, muulizeni maswali zaidi kabla ya kufungua mkoba.

KWANZA PIMENI AFYA YA INJINI

Mtu anayekohoa hatumpi kitambaa cha kufutia mdomo na kumwambia amepona. Kwanza tunataka kujua kikohozi kimetoka wapi. Injini inayotema oili nyingi kwenye brida ni vivyo hivyo. Kabla ya kufunga mkebe, mwambieni fundi afanye mambo haya, na mwakilishi wa kikundi awe amesimama hapo:

1. Aangalie kiasi cha oili kwa kijiti cha kupimia, gari likiwa mahali tambarare. Oili iliyozidi alama ya juu ni sababu kubwa ya oili kutoka kwenye brida. Wengine hudhani kuongeza oili ni kulipenda gari, kumbe ni kulidhuru.

2. Aangalie valvu ya brida kama injini ni ya petroli. Kwenye magari mengi ukiitoa na kuitikisa inalia. Isipolia, huenda imeganda. Magari mengine ya dizeli yana kitenganishi chao cha oili kutoka kiwandani. Hicho pia kisafishwe au kibadilishwe kwanza.

3. Aangalie chujio cha hewa. Kikijaa vumbi, injini inavuta kwa nguvu na kunyonya oili nyingi kutoka kwenye brida.

4. Injini ikiwa moto na ikinguruma polepole, alegeze kifuniko cha oili na kukiacha kimekaa tu juu ya tundu lake. Kwa injini ya dizeli, kutetemeka kidogo ni kawaida. Kifuniko kikiruka, au moshi ukitoka kwa mipigo kama wa dohani, ringi zina shida. Fundi avae glavu au ashike kitambaa, maana oili moto inaweza kuruka.

5. Kukiwa na shaka, silinda zote zipimwe mgandamizo kwa geji. Kipimo hicho kinagharimu pesa kidogo ukilinganisha na ovaholi ambayo haikuhitajika, au mkebe ambao hautasaidia.

Kama injini imechoka, zungumzeni juu ya ukarabati. Kama ni nzima, sasa mnaweza kuzungumza juu ya mkebe.

KUCHAGUA MKEBE

Mikebe inauzwa ya aina nyingi, na mingi inang'aa kwa nje. Mng'ao haunasi oili. Fungueni kifuniko muone ndani. Mkebe mtupu, usio na chochote ndani, hewa inaingia na kutoka na oili yake. Mkebe mzuri una vikuta au wavu wa chuma ndani, ili hewa igonge, ipunguze mwendo, na matone yaanguke chini.

Angalieni pia haya:

- Matundu ya kuingilia na kutokea yasiwe madogo kuliko paipu ya asili ya gari. Yakiwa madogo, mnakuwa mmeibana injini pumzi.
- Uwe na bomba la kumwagia chini, au chini kufunguke kwa urahisi.
- Uwe na kioo, paipu ya kuonyesha, au kijiti cha kupimia. Kumbukeni kanuni ya FIA: usiyeweza kuuona ndani usiuamini.
- Wavu wa ndani uwe umeshikiliwa imara. Usijaze sufi ya kusugulia sufuria. Vipande vyake vinakatika, vinavutwa kwenye injini, na vikifika kwenye turbo ni hasara.

Mafundi wetu wa jua kali wana ujuzi, na mkebe wa chuma au alumini unaweza kuchomelewa hapa hapa Oyugis. Lakini ukishachomelewa uoshwe sana ndani, kusibaki chembe hata moja ya chuma. Chupa ya soda haifai, kwa maana joto litailainisha ijikunje. Mkebe wa rangi haufai, unashika kutu na kuvuja. Chombo cha dawa ya mimea kisitumike kabisa.

Kuna jambo lingine. Magari ya mashindano mara nyingi hutumia mkebe unaotoa hewa nje. Kwa gari la barabarani tunashauri mkebe uliofungwa, yaani wenye paipu mbili, moja ya kutoka kwenye brida na nyingine ya kurudisha hewa kwenye injini. Mkebe wa kutoa hewa nje unaleta harufu ndani ya gari wanamokaa watoto, unachafua hewa, na kwenye magari mengi ya petroli unavuruga hesabu ya hewa ambayo kompyuta ya gari inategemea.

Na kama gari bado lina dhamana ya kampuni iliyoliuza, waulizeni kwanza. Kugusa paipu za injini kunaweza kuvunja dhamana hiyo.

KUUFUNGA, HATUA KWA HATUA

Kazi hii fundi mzuri anaimaliza kwa nusu siku. Tunaeleza hatua zake si ili kila mtu ashike spana, bali ili mwakilishi wa kikundi ajue kinachoendelea.

1. Injini ipoe kabisa. Fundi atambue paipu inayotoka kwenye brida na aifuate mpaka inapoingilia. Aweke alama za tepu pande zote mbili kabla ya kuzitoa. Paipu ya asili isitupwe. Ihifadhiwe, siku moja itahitajika.

2. Achague mahali pa kufunga mkebe. Pawe mbali na turbo na ekzosi, kwa sababu mkebe ukiwa baridi mvuke unageuka matone upesi zaidi. Pawe mahali dereva anaweza kuona na kufikia bila kutoa kitu kingine.

3. Mkebe ufungwe kwenye bodi ya gari kwa kishikio imara na bolti, si kwa waya. Kwa barabara zetu za murram, waya utakatika. Injini inatikisika lakini bodi haitikisiki vile, basi paipu ziachiwe ulegevu kidogo zisivutwe.

4. Paipu ziwe za aina isiyoharibiwa na oili, na ngumu kiasi cha kutojibana zikivutwa. Paipu ya maji ya shambani haifai. Hata ile ya radieta haifai, kwa maana imetengenezwa kwa maji, na oili huifanya ivimbe na kulegea.

5. Paipu zisiwe na bonde katikati. Mahali palipoinama maji na oili vitakusanyika na kuziba njia. Kutoka brida kwenda kwenye mkebe ni vizuri paipu iteremke.

6. Paipu ya brida iunganishwe kwenye tundu la kuingilia, na tundu la kutokea liunganishwe pale paipu ya asili ilipokuwa inaingia. Zikibadilishana, mikebe mingine hainasi kitu. Kwa injini ya petroli, valvu ya brida ibaki kazini na ielekee upande ule ule wa mwanzo.

7. Kila kiungo kikazwe kwa klipu. Halafu injini iwashwe. Fundi apake maji ya sabuni kwenye viungo, atazame kama kuna mapovu, na asikilize kama kuna mahali hewa inavutwa. Aangalie pia kama kuna paipu inayojibana. Injini ya petroli ikianza kutetemeka ikiwa imesimama, kuna kiungo kinachovuta hewa ya nje.

8. Gari liendeshwe mwendo mfupi, lirudi, likaguliwe tena. Kesho yake klipu zikazwe mara ya pili.

MSIZIBE PUMZI YA INJINI

Hapa tunataka kusema kwa sauti kubwa kidogo, kwa sababu tumeona matokeo yake.

Kikundi kimoja cha akina mama tulichokuwa tukikitembelea kilikuwa na pikapu ya viazi vitamu, rabuon. Brida yake ilikuwa inadondosha oili. Walipeleka gari kwenye gereji, na fundi hakufunga mkebe wala kupima chochote. Alichukua bolti na kitambaa, akaziba paipu ya brida. Pakawa pakavu. Akina mama wakafurahi, wakamlipa.

Hewa iliyokosa njia ilitafuta nyingine. Siku chache baadaye, pikapu ikiwa na mzigo mlimani, sili ya nyuma ya injini ilisukumwa nje. Oili yote ikaisha barabarani. Taa nyekundu ya oili iliwaka, lakini dereva akasema afike tu sokoni kwanza. Hakufika. Injini ilijifunga, na magunia yakalala kando ya barabara.

Akina mama wale walikuwa wamechanga kwa muda mrefu ili kununua gari lile, na mkopo ulikuwa haujaisha. Mwaka ule kulikuwa na watoto waliokaa nyumbani kungoja karo. Bolti moja na kitambaa vilifanya hayo yote.

Basi iwe sheria katika kila kikundi chenye gari: brida haizibwi. Kama inatema oili, mnatafuta sababu. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, dereva anasimama hapo hapo na kuzima injini, hata kama soko linafungwa.

Kuna hatari nyingine ya upande wa pili. Mkebe uliosahauliwa mpaka ukajaa ni mbaya kuliko kutokuwa na mkebe. Oili yote inaweza kuvutwa kwa mara moja ndani ya injini. Kwa injini ya dizeli hilo ni hatari sana, kwa kuwa dizeli inaweza kuichoma oili hiyo kama mafuta na kukimbia yenyewe, mlio ukipanda, na hata ukizima funguo haikubali kuzimika. Injini inaweza kuvunjika kwa dakika chache.

KUSOMA KILICHO NDANI YA MKEBE

Faida kubwa ya mkebe, kwa maoni yetu, si ile oili inayonaswa. Ni habari unazopata. Mkebe ni kama kadi ya kliniki ya mtoto. Ukipima kila mara, utaona mabadiliko kabla hali haijawa mbaya.

Chukueni daftari. Wiki ya kwanza dereva afungue mkebe kila siku mbili. Baada ya hapo amwage kila kilomita 1,000, au mapema zaidi ikiwa unajaa upesi. Kila mara amwage kwenye chupa yenye alama za vipimo, na aandike: tarehe, kilomita, kiasi, na rangi. Mweka hazina aweke sahihi yake kando. Msilinganishe gari lenu na la jirani. Linganisheni gari na lenyewe.

Mkiona oili nyeusi kidogo, na kiasi kile kile kila mara, ni kawaida.

Mkiona utando wa rangi ya maziwa, hasa msimu wa mvua na safari fupi fupi, mara nyingi ni maji ya mvuke tu. Lakini angalieni kijiti cha oili ya injini na maji ya radieta. Kama oili ya injini nayo ni ya maziwa, au maji ya radieta yanapungua, huenda gasketi ya kichwa imekwisha. Msiendeshe gari mpaka fundi aangalie.

Mkinusa petroli au dizeli nyingi ndani ya mkebe, huenda kuna mafuta yasiyoungua yanayoshuka kwenye oili. Mwambieni fundi aangalie nozeli.

Kiasi kikiongezeka ghafla, au kikipanda mwezi baada ya mwezi, ringi au turbo vimeanza kuchoka. Hapo mna muda wa kuchanga pesa za ukarabati kabla gari halijawaangusha njiani. Daftari hilo pia litawasaidia dereva akibadilishwa, na siku mkitaka kuuza gari.

Tena, kilichonaswa kisirudishwe kwenye injini, hata kama kinaonekana kizuri. Kina maji, mafuta na asidi.

OILI CHAFU IENDE WAPI?

Desturi ya kwetu ni kupaka oili chafu kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa, au kuimwaga nyuma ya gereji. Tunaelewa ni kwa nini, lakini tunaomba tuiache. Oili iliyotumika ina masizi na vitu vinavyodhuru ngozi, na mtu anayeishika kila siku bila glavu anaweza kupata saratani ya ngozi. Ikimwagwa mtaroni, mvua inaichukua hadi kwenye mito yetu ya Awach, na mito hiyo inaingia Ghuba ya Winam tunakovua samaki. Wataalamu wa mazingira wa Marekani wanasema oili ya gari moja tu, ikimwagwa, inaweza kuharibu maji safi mara milioni ya kiasi chake.

Wekeni mtungi mmoja wenye kifuniko, uandikwe OILI CHAFU, mahali watoto hawafiki. Ukijaa, upelekeni kwenye kituo cha petroli au gereji inayokusanya oili iliyotumika. Hapa Kenya ni taka hatari kisheria, na NEMA ndiyo inayosimamia.

NA MASHINE YA POSHO JE?

Vikundi vingine havina gari lakini vina mashine ya kusaga inayoendeshwa na dizeli. Zile injini za mtindo wa Lister, zilizobuniwa Uingereza na kuigwa India, nazo zina brida, ile yenye kibati kidogo cha kufunguka na kufunga. Kibati kikichafuka au kikipinda, oili inaanza kuvuja kila mahali, na mnadhani sili zimekwisha. Kisafisheni kwanza. Mkebe wa turbo hauhitajiki hapo. Chombo rahisi cha kukinga matone, na paipu ya kupeleka moshi nje ya nyumba ili msagishaji na wateja wasiuvute, vinatosha.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, gari au mashine yetu ina turbo? Nani kati yetu anajua brida iko wapi na anaweza kuwaonyesha wengine?

2. Mara ya mwisho fundi alipotuambia tununue kitu, alipima nini kwanza? Tulimwuliza?

3. Dereva wetu ana ruhusa ya kusimamisha gari taa nyekundu ikiwaka, bila kuogopa kulaumiwa kwa soko lililokosa?

4. Nani ataweka daftari la oili, na litasomwa kwenye mkutano gani?

5. Oili chafu yetu ya mwezi uliopita ilimwagwa wapi?

Kikundi kikiweza kujibu maswali haya matano, kitajua chenyewe kama kinahitaji mkebe. Na kikiufunga, kianze daftari siku hiyo hiyo.